Jiwe Kwenye Makande

...na kidevu kimeshakufa ganzi juu ya hiki kiegemeo cha plastiki, paji la uso limebanwa na mkanda, jicho limeagizwa likikodolee kitaa cha kijani ndani ya mashine, na Irine, binti wa kliniki ya macho hapa Same mjini, anasema kwa mara ya nne, mama, usipepese, nahesabu tatu napiga, na Asteria anajibu sawa mwanangu, na ikifika mbili anapepesa, makusudi kabisa, Mungu amsamehe, mke mzima wa mzee wa kanisa, maana picha isipotoka hakuna atakayeona kilichoko nyuma ya jicho, na kisipoonekana hawatamkatia vidonge, vidonge vilivyomrudishia vidole vyake, mwaka wa sita huu tangu daktari amweleze kwamba baridi yabisi ni askari wa mwili kumgeuka mwenye nyumba, vidonge vinawatuliza, ila vikikaa sana vinaweza kulila jicho kwa nyuma, kimya kimya, ndiyo maana kila mwaka picha... lakini mwaka huu jibu analo, analo tangu Jumamosi ile mumewe, Baba Wilbard, alipotafuna makande, ikalia kaa, akalitema jiwe kiganjani, akaendelea kula, mpole kama malaika, na Asteria akakiweka kijiko chini, kwa sababu miaka thelathini na mbili pale Myamba hakuna aliyewahi kung'ata jiwe kwenye makande ya Asteria, mawifi walilitafuta wakachoka, basi macho yamekwisha, akajisemea, na tangu siku hiyo anampigia mume pasi mashati hata ya shambani, kwa aibu... tunarudia mama, kitaa unakiona vizuri, nakiona, anasema, na kweli anakiona, kimetulia kama punje ya njegere, angeweza kukiokota akakitia ungoni, ungo, hebu ngoja, ungo Jumamosi ile aliushika saa ngapi, mbona hakumbuki, anakumbuka vidonge vilikuwa vimeadimika mwezi mzima, vidole vimevimba hata kanga haifungiki, amelala chumbani, na barazani ungo unapetwa, cha, cha, cha, na mtu anaimba besi ya kwaya... Baba Wilbard, nani mwingine, anachambua maharage, na miwani yake ameiacha juu ya redio, aliiona mwenyewe alipoamka, kumbe, upole wa malaika gani, jiwe lilikuwa lake yule mzee, alinyamaza kwa sababu lilikuwa lake, na mashati akavaa, wiki sita, amenyooka kama bwana harusi... Mama Wilbard, bado tu, sauti yake hiyo mlangoni, makande tuliyobeba yanapoa huku, na kicheko kinampanda Asteria kutoka tumboni, mashine inatikisika, mama na kucheka usicheke, anasema Irine, naye anacheka, na woga upo, haujaondoka wote, picha inaweza kusema lake, lakini kukisia amekisia wiki sita na amekisia jiwe la mtu mwingine, afadhali ajue, kama jicho limeguswa watatafuta dawa nyingine, kama halijaguswa ataenda kuchambua maharage yake kwa raha zake, moja, anahesabu Irine, na jicho linafunguka lote, mbili, halipepesi, piga mwanangu, anasema Asteria kwa meno yaliyobanwa, halafu umwite na yule mzee hapo nje, umpige na yeye.