Zulia Lenye Ncha Mbili

Mama mkwe na mke wa mwanawe walifuma zulia la fulana na shuka kuukuu juu ya fremu ya kitanda kibovu, kila mmoja akianzia upande wake. Bibi harusi alikuwa mgeni nyumbani, naye alitamani mno kupendwa. Walipokutana katikati, lo! Upande wa mama ulikuwa mwembamba na mgumu, wa bibi harusi umetanuka na kulegea.

"Mwanangu, hili zulia au sketi?"

"Mama, wako umebanwa hata haupumui!"

Bibi harusi akajiuma ulimi. Mama akaketi upande wake, akakunja uso. Akahamia ule mwingine, akazama, akacheka hadi machozi.

"Hapa sibanduki! Njoo tubanane, mwenzangu."