Mnong'ono wa Shimo la Mwisho

Mgongo ulipomgomea, Mkono Laini aliachana na gofu ya kulipwa kama mtu anayehamishwa nyumbani kwake. Fimbo zile ndizo zilizomlisha na kumsomeshea watoto. Redio ilipomwita ajaribiwe utangazaji, mkewe alimpigia shati pasi, ingawa redioni hakuna anayeona shati.

"Nenda tu, baba. Kuongea unajua. Humu ndani nani amewahi kukunyamazisha?"

Majaribio yalikuwa siku moja tu, ya fainali ya mashindano ya gofu. Akiboronga, basi. Kibanda cha watangazaji kilisimama juu ya nguzo za chuma, karibu na shimo la mwisho, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Pembeni yake aliketi mtangazaji mkongwe ambaye kituo kizima kilimwita Dada Mkubwa.

Mwanzo alitiririka vizuri. Kisha mchezaji wa kwanza akauinamia mpira karibu na shimo, na Mkono Laini akafunga domo. Hakukusudia. Maisha yake yote, mtu akiinama vile, unanyamaza. Hata chafya unaimeza.

"Mzee, hewani kimya!" fundi mitambo alimfokea masikioni. "Watu watadhani redio zao zimekufa!"

Dada Mkubwa akadaka maneno, akaokoa jahazi. Mchezaji wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Matangazo ya biashara yalipoingia, mkuu wa vipindi akapanda ngazi akihema.

"Bwana, nimekuleta utangaze au uombe dua?"

"Mtu akipiga hatuongei, mkuu."

"Kwani anakusikia?"

"Dirisha liko wazi."

"Ukinyamaza tena, hicho kiti nampa mwingine."

Akashuka. Mkono Laini akaikodolea macho glasi ya maji iliyokuwa mezani. Mgongo umemkataa, sasa na mdomo?

"Kaka," Dada Mkubwa alisema, "mtu akikuuliza jambo, unamjibu?"

"Namjibu. Nimelelewa."

"Haya."

Mchezaji wa mwisho alibakiza pigo moja achukue kombe. Akainama. Mdomo wa Mkono Laini ukajifunga. Dada Mkubwa akamsogelea, bega kwa bega, akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, anaangalia nini huyo?"

Kumnyamazia anayekuuliza nako ni kukosa adabu. Adabu mbili zikavutana kifuani mwake, mpaka ikatoka sauti nyembamba, ya kunong'ona.

"Anaangalia nyasi, dada. Zimelalia kushoto. Akilenga shimo, amekosa. Inabidi alenge pembeni, pasipo na kitu, aamini tu."

"Na mikono?"

"Inatetemeka. Yangu ilitetemeka hivyohivyo mpaka siku niliyoacha. Haya, ameugusa… unakwenda… unapinda, mama yangu, unapinda… umeingia!"

Hapo alipiga ukelele hadi fundi akavua hedifoni.

Mkuu akapanda ngazi tena, safari hii akicheka. "Simu zinamiminika. Kuna mama anasema alizima feni ili akusikie. Kiti ni chako. Na huo mnong'ono usiuache nyumbani!"

Alipoondoka, Mkono Laini alimgeukia Dada Mkubwa. Alifungua mdomo, akaufunga.

Dada Mkubwa alikuwa akikunja waya zake taratibu. "Kaka," akamuuliza bila kumtazama, "unataka kusema nini?"

"Asante, dada," akanong'ona, ingawa uwanjani hapakuwa tena na mtu anayepiga.