Sakafu ya Mama Apollinarie

Carina ya Hyacinthe ilikuwa na kiburi. Ukiulegeza usukani kidogo tu, inakata kushoto, uso kwa uso na malori yanayotoka Bukavu. Mwaka mzima Hyacinthe aliivutia kulia mpaka bega likamuuma, huku akiyatukana mashimo ya barabara. Tairi la mbele likalika upande wa ndani hadi nyuzi za chuma zikachungulia. Lakini leo hapakuwa na mzaha. Alasiri ilimpasa kumchukua binti yake Olga kule Runingu, maana kesho angepasuliwa ili ajifungue, na daktari alikuwa amekataza katakata asipande pikipiki.

"Si barabara, Papa Olga," alisema fundi Chadrack, akitoka chini ya gari pale Mulongwe. "Ni paralelisme, miguu ya gari haiendi sambamba. Huu muguu unaenda Bukavu, ule unaenda ku ziwa. Miye naweza kuitengeneza, lakini hapa udongo umeinama. Nikipima hapa, nitakudanganya."

Tangu mafuriko, mtaa ulikuwa mawe na matope. Mahali pamoja tu palikuwa sawasawa: sakafu ya saruji ya Mama Apollinarie. Mto ulibeba kuta, mabati na vitanda vya mjane huyo, ukamwachia sakafu. Sasa alilala kwa dada yake, mtaa wa Kilibula, lakini kila asubuhi alikuja kuifagia. Watu walimcheka, na Hyacinthe, tusifichane, alicheka kuliko wote. Ndiyo maana alimwendea kwa aibu.

"Mama, tunaomba kuweka gari pale kwa saruji."

"Saruji gani? Iyi ni nyumba. Weye unaingiaka kwa watu bila hodi?"

Hyacinthe akarudi hadi pale palipokuwa na mlango. "Hodi."

"Karibu. Mutoe viatu. Na iyo gari muioshe miguu."

Wakaosha magurudumu yote manne, wakaisukuma Carina hadi sebuleni. Chadrack akaweka tairi la akiba mbele, kisha akavuta uzi wa kushonea nyavu kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Mama Apollinarie akashika ncha moja. Fundi alikaza, akalegeza, akapima tena, huku Hyacinthe akieleza safari ya kumchukua Olga akajifungue.

"Mutoto wako, iyi mimba ni ya kwanza?" mama aliuliza.

"Ya pili. Ya kwanza tulichelewa njiani."

Mama aliinama karibu zaidi na gurudumu. Aliushika uzi kwa vidole viwili, bila kutikisika, mpaka kazi ikaisha.

Njiani kuelekea Runingu, Hyacinthe aliachia usukani kidogo. Carina ikaenda moja kwa moja. Alimshukuru Mungu kwa sauti, peke yake garini, akamtaja Chadrack, akamtaja na yule mama.

Olga alipotoka hospitalini, Hyacinthe hakumpeleka nyumbani kwanza. Alisimamisha gari Mulongwe. Wote wawili wakavua viatu, wakasimama pale penye mlango.

"Hodi, Mama!"

Mama Apollinarie aligeuka, akakiona kichanga mikononi mwa Olga. Ufagio ukamtoka mkononi.

"Tangu muto ilete maji, hakuna muntu alishaniletea mutoto mu nyumba," alisema.

Hyacinthe alikuwa ameandaa maneno mengi. Akatoa machache tu. "Aksanti, Mama," alisema. "Na unisamehe. Nilikuwa nakucheka."

"Najua. Karibuni."

Akafungua kitenge chake, akakitandika katikati ya sebule, na Olga akamlaza mtoto hapo.