Glasi Tatu

Wapishi wa jiji lile walimwita Ulimi, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila kitabu chake kilipotoka, kile cha kuwaongoza wageni na wenyeji, kulikuwa na mkahawa ulioongeza viti na mwingine uliouza vile ulivyokuwa navyo. Yeye hakuona ajabu. Chakula ama kina ladha ama hakina, alisema, na kusema hivyo si uadui.

Kitabu kilikuwa na sehemu tatu: makumbusho, mikahawa na mvinyo. Katika makumbusho aliandika mambo ambayo hata walinzi wa majumba hayo hawakuyajua. Jumba la picha litazamwe kuanzia chumba cha mwisho, kwa sababu kila mgeni huyamaliza macho yake kwenye picha za magavana zilizo mlangoni. Jumba la saa liendewe adhuhuri inapokaribia, usikie saa zote zikigonga na hakuna mbili zinazokubaliana. Katika mikahawa alikula mara mbili kabla ya kuandika, akikaa karibu na mlango wa jikoni, na hakujitambulisha kwa mtu.

Kwenye mvinyo alikuwa na kanuni moja, nayo ilikuwa kali kuliko zote. Mwonjaji anafungwa kitambaa machoni, anawekewa glasi tatu. Mbili zina mvinyo mmoja. Ya tatu ina mwingine unaokaribiana nao. Kazi yake ni kumtafuta mgeni, ile glasi isiyofanana na wenzake. Asiyempata mgeni haandiki neno juu ya chakula wala kinywaji. Kanuni ilichapishwa ukurasa wa kwanza, na wasomaji waliipenda kuliko kitabu chenyewe. Washairi wawili na wakili mmoja walioomba kuandika walishindwa hapo, wakaagwa kwa heshima.

Jioni moja alikuwa mezani jikoni kwake, akisahihisha kurasa za toleo jipya. Kesho yake zilitakiwa kwa mpiga chapa. Alikuwa amefika kwenye ukurasa wa mkahawa mpya ulio nyuma ya jumba la saa, wa mpishi aliyeacha kazi ya hoteli kubwa na kutia pale kila alichokuwa nacho. Alikuwa ameandika hivi: "Wahudumu wapole. Mchuzi umezidi chumvi. Supu ni maji ya moto, na samaki ni kama karatasi iliyolowa. Usipoteze mchana wako." Akafuta neno "wapole", akafikiri, akalirudisha. Haki ni haki.

"Hodi! Dada! Unaunguza nini humu ndani?"

Aliyeingia ni mdogo wake, daktari wa meno, bado amevaa koti jeupe la kazini. Hakungoja kukaribishwa. Alipita mbio hadi jikoni, akazima moto, akafungua dirisha. Ulimi aligeuka kwenye kiti. Nyuma ya mgongo wake, sufuria ya maharage ilikuwa imekauka na kuwa makaa.

"Umekaa hapa muda wote?"

"Nilikuwa nasoma."

"Na pua nayo ilikuwa inasoma?" Mdogo wake alimtazama kwa namna anavyotazama jino lenye tundu. "Hebu fumba macho." Akamsogezea kitu puani. "Hii ni nini?"

"Hujaweka kitu."

"Na hii?"

"Acha mchezo. Mkono mtupu."

"Ile ya kwanza kahawa. Hii kitunguu saumu, mama yangu, nimekimenya na kukiponda." Akakiweka mezani, juu kabisa ya kurasa. "Tangu yale mafua?"

Ulimi alijitetea kwa ushahidi, kama kawaida yake. Mafua yalikwisha zamani. Asubuhi ile ile alikuwa amesikia ukali wa ndimu, utamu wa chai, na chumvi kwenye yai. Ulimi wake ulikuwa mzima.

"Ulimi ni mzima, nani kasema mgonjwa? Ulimi unajua chumvi, sukari, ukali, uchungu. Vingine vyote unavyoviita ladha ni harufu. Wagonjwa wangu wanakuja wanalalamika meno, kumbe ni pua. Wewe unayewafundisha watu kula hujui?"

Alikuwa anajua. Alijua kama anavyojua kwamba watu hufa: wengine, si yeye. Tena hapo ndipo alipoponzwa. Chumvi ya mchuzi aliisikia sawasawa, na kwa kuwa kimoja kilikuwa sahihi aliviamini vyote. Kwenye mkahawa wa nyuma ya jumba la saa alikula mara mbili, na mara zote mbili ni baada ya mafua. Vingine vyote kitabuni, mvinyo ukiwamo, alivionja kabla.

"Lete glasi," alisema.

"Dada, si lazima."

"Lete glasi tatu."

Mdogo wake alimfunga kitambaa machoni. Ulimi alinusa, akaonja, akazungusha kinywani, akateua ya kati. Haikuwa ya kati. Wakarudia, akateua ya kushoto, akapatia. Kisha akavua kitambaa mwenyewe.

"Nilibahatisha," alisema. "Sikusikia tofauti yoyote." Akamsogezea kiti. "Sasa kaa wewe."

"Mimi? Mimi mvinyo nakunywa harusini tu, tena kwa kulazimishwa. Wote kwangu ni siki."

"Kaa."

Alikaa, akafungwa, akainua glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Hii hapa. Ina harufu ya kabati la bibi." Wakabadilisha glasi, akamtoa mgeni tena. Wakabadilisha tena.

"Unajuaje?" Ulimi aliuliza.

"Najuaje nini? Inanuka kabati! Wewe ndiye mtaalamu, nieleze wewe."

Ulimi alichukua simu, akampigia mhariri. Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kujihurumia, kama anayesoma ripoti ya ajali ya mtu mwingine.

"Nani mwingine anajua?" mhariri aliuliza.

"Mdogo wangu. Daktari wa meno."

"Ah, basi. Madaktari hawasemi siri za wagonjwa. Dada yangu, sikiliza. Futa huo mkahawa. Usiusifu, usiuponde, uache tu. Umekosea wapi hapo?"

"Wasomaji wanajua nakula kwenye kila mkahawa mpya. Nisipouandika wataelewa neno moja tu: mbaya."

"Basi andika ni mzuri! Nani ameumia?"

"Sijui kama ni mzuri. Ndiyo maana nimekupigia."

Mhariri alivuta pumzi. "Ukitangaza hili, jina lako linatoka kwenye chakula na mvinyo, na kanuni yako mwenyewe ndiyo inayolitoa. Litabaki kwenye makumbusho. Nani atanunua? Watu wanakwenda makumbusho kwa sababu wanajua baadaye watakula."

"Kesho jioni utapata ukurasa huo," Ulimi alisema, akakata.

Kesho yake mchana walikaa karibu na mlango wa jikoni, Ulimi na mdogo wake, wakaagiza vitu vile vile.

"Usiniambie ni tamu," Ulimi alisema. "Niambie kuna nini."

"Supu ina tangawizi. Halafu kuna moshi kidogo. Kitunguu amekichoma kwanza, makusudi."

"Makusudi umejuaje?"

"Kwa sababu maharage yako yalikuwa bahati mbaya."

"Samaki?"

"Samaki ni samaki. Simsifii, simsemi vibaya. Ila mchuzi, dada, chumvi ya kuhifadhia maiti!"

"Hilo niliandika."

"Hilo liache basi."

Mpishi alitoka jikoni akijifuta mikono, mtu mnene mwenye macho ya kukosa usingizi, akapita meza baada ya meza. Hakumjua Ulimi. "Mama, chakula kimekaaje?"

Kwa miaka yote swali hilo Ulimi alilijibu kwa kutikisa kichwa tu. "Mimi sisikii harufu," alisema. "Muulize mwenzangu."

"Pole sana, mama. Lakini supu umeimaliza."

"Ilikuwa ya moto."

Mpishi hakujua acheke au asicheke. Akamgeukia mdogo mtu, naye akamwambia habari ya chumvi waziwazi, kama anavyowaambia watu waache peremende. Mpishi alikaza uso. Akachota mchuzi kwa kijiko safi, akaonja amesimama, akarudi jikoni.

"Nimemuudhi," mdogo wake alisema.

"Umemwambia kweli." Ulimi alitoa kalamu. "Sehemu hii itakuwa yako. Nitaandika umepita glasi tatu. Na nitaandika mimi nimeshindwa, ukurasa wa kwanza, chini ya kanuni."

"Dada, mimi nang'oa meno! Na wewe utafanya nini?"

"Nitakuuliza maswali. Huo moshi wa kitunguu, unaanza nao au unakuja ukishameza?"

Mdogo wake alitaka kubisha, akamtazama, akaacha. Akachota kijiko kingine cha supu, akafumba macho, akakaa nacho.

"Ukishameza," alisema. "Na haukai sana."

Ulimi akaandika.