Kabati la Vioo

Vifaa vya chekechea vilikaa ndani ya kabati la vioo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Mizani, shanga, vipande vya mbao, vyote vya kuonyesha wageni.

“Watoto watazame kwa macho,” alisema mkuu. “Wakishika wataharibu.”

Mwalimu wa chekechea aliomba muhula mzima mpaka akachoka roho. Jumatatu moja akaja na bisibisi, akawaonyesha watoto skurubu za bawaba, kisha akaketi. Wakazungusha kulia, ikagoma. Wakabishana, wakapokezana, wakajaribu kushoto. Skurubu ya mwisho ilipolegea, mwalimu aliinuka akaupokea mlango.

Mkuu alipoingia, mizani ilikuwa sakafuni, imejaa shanga.

“Nani kavunja kabati langu?”

“Hajavunja mtu,” alisema mwalimu, wala hakusimama. “Mlango huo hapo ukutani, mzima. Na kesho watashika tena.”

Mkuu alibaki na ufunguo wake mkononi, hajui aupeleke wapi. Binti wa miaka mitano akamfuata na skurubu nane kiganjani.

“Kurudisha ni kulia,” alimweleza, akimnyooshea bisibisi. “Shika. Kwa macho tu hutajua.”