Kwa Moyo Mkunjufu

Vumbi jeupe la jiwe lilielea kwenye mwanga wa asubuhi. Likatua kwenye nyusi za Litugena, likatua mikononi mwake, naye asilipanguse. Alisimama mbele ya Sakrilo, fundi wa kuchonga mawe, kando ya chemchemi ya Vindono, mungu mponyaji wa macho, ambaye Warumi walipokuja walimwita Apolo wakamjengea hekalu la nguzo.

Theluji ilipoyeyuka alimleta hapa bintiye, Vimpa, macho yamevimba, haoni hata uji ulio mbele yake. Akamwosha kwa maji haya, akaweka nadhiri: akiona, nitakuletea jiwe la shukrani. Na mtoto akaona. Akaona kunguru, akaona mbuzi, akaiona pua ya mama yake akaicheka. Siku tisa aliona. Siku ya kumi homa ikamchukua.

Ahadi ni deni, na mungu alishatimiza yake. Basi Litugena amekuja. Hakulia njiani. Hakulia alipofika. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na aliogopa siku utakapoamka. Tena nyumbani Dago, mdogo wake Vimpa, ameanza kusugua macho.

Fundi alikwisha kuchonga kwenye jiwe macho mawili, wazi kabisa. Chini yake akaanza herufi za Kirumi.

"Hapo unaandika nini?"

"Yale yale, Mama Vimpa. Kwa Apolo Vindono. Litugena ametimiza nadhiri yake, kwa moyo mkunjufu, kama inavyostahili."

"Toa huo moyo mkunjufu."

"Hautoki. Mawe yote hapa yanao, hata la yule mzee mchoyo aliyekuja akinuna. Bila maneno hayo hekaluni hawalipokei, na nadhiri itakubaki shingoni. Halafu huyo Dago utamwombea kwa mdomo gani?"

Hakulia. "Andika," akasema.

Jiwe lilipokwisha kusimamishwa, aliinama majini akasema kwa lugha ya bibi yake, ile ambayo haichongwi.

"Apolo atasoma jiwe. Wewe, Vindono, nisikie mimi. Macho uliyaponya, sikatai. Moyo mkunjufu sina. Nina hasira, nayo sijaifikia bado. Usimlipizie Dago."

Hakungoja jibu. Akazamisha gudulia la maji ya kumwoshea Dago macho, mikono yote miwili, na lile vumbi likamtoka, likayatia maji weupe kidogo, likapotea. Maji yalikuwa baridi. Alijua kwa kuona vidole vyake vikigeuka vyekundu.