Bohari la Jua

"Tisini na moja," alitamka Mzee Bohari, akainama kuandika kwenye daftari. "Alfajiri ilikuwa tisini na tatu. Nani kawasha nini?"

Nyumbani hapo walikuwa watu wawili tu, yeye na mkewe, kwa hiyo swali halikuwa na njia nyingi za kwenda. Mkewe alikuwa kwenye kigoda kwenye korido, ameipa mgongo mashine ya kutotolesha vifaranga, miguu kaitanua kama mlinzi wa benki. Alikuwa anachambua maharage, na hakuinua uso.

"Nimewasha mayai," alisema.

Nje mawingu yalikuwa yametanda tangu jana, mazito, ya rangi ya maji ya kufulia. Mzee alichungulia dirishani, akatazama paa, akarudi kwenye kabati la betri na kusoma tena ile namba, labda imeona aibu ikapanda. Haikuwa imepanda.

Jina la Bohari alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mtunza bohari wa shule moja ya bweni, na hakuna kitu kilichotoka mlango ule bila fomu na sahihi tatu. Mwalimu aliyeomba sanduku la chaki alipewa vipande viwili na nasaha. Walimwita mkono wa birika, naye hakukasirika. Mkaguzi alipofika kila kitu kilikuwepo, na hilo ndilo lililompa usingizi.

Alipostaafu alikaa miezi miwili akihesabu vijiko vya nyumbani. Binti yao, muuguzi anayefanya kazi mbali, akaona baba yake anapotea, akawanunulia umeme wa sola: paneli nne juu ya paa na betri ya ukubwa wa sanduku la safari. Fundi aliyekuja kufunga, dada mmoja mchangamfu mwenye begi la vifaa mgongoni, alieleza mambo mengi, lakini Mzee aliondoka na moja: betri isishuke chini ya asilimia ishirini.

Ishirini. Mtunza bohari yeyote anajua kwamba kiwango cha chini hakiwekwi palepale kwenye ukingo. Mzee akaongeza kumi za mvua. Akaongeza kumi za wageni, kumi za ugonjwa na kumi za msiba. Halafu akaongeza thelathini ambazo hakuzitolea maelezo, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza. Ikawa tisini. Akaijengea betri kabati la mbao, akalitia kufuli, na umeme wa nyumba ile ukaanza kutoka kwa maombi.

Ndiyo, kwa maombi. Mkewe alipotaka kupiga pasi gauni la kwenda kwenye harusi, alijaza karatasi. Jirani yao kinyozi alipoomba kuchajia mashine yake ya kunyolea, naye alijaza, na mahali pa sababu akaandika "nywele". Ikarudishwa kwa kukosa maelezo ya kutosha. Jioni waliwasha taa moja, ya jikoni, na kula wakiwa wamesogeleana chini yake kama watu waliovunjikiwa na gari njiani, huku betri imejaa pomoni hatua tano kutoka mezani.

Mkewe aliyavumilia yote hayo kwa kucheka. Hakucheka mayai yalipopoa.

Ilikuwa miezi miwili iliyopita. Alikuwa amekusanya mayai sitini, akayachagua moja moja, akayaweka kwenye mashine aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe. Alitaka kufuga. Alitaka, kwa maneno yake, kitu cha kwake kinachopumua. Siku ya kumi na sita ikanyesha mvua kubwa, betri ikagusa themanini na tisa kabla hakujakucha, na Mzee, kwa moyo mweupe kabisa wa mtu anayetimiza wajibu, akazima mashine. Walipoamka mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mama huyo aliyazika nyuma ya jiko, akanawa mikono, akanunua mengine sitini. Jioni yake alimwambia mumewe jambo moja tu, tena kwa sauti ya kawaida ya kuomba chumvi: "Haya yakipoa, nakwenda kuishi kwa dada yangu. Na sitajaza fomu."

Leo ilikuwa siku ya kumi na tisa. Vifaranga hutoka siku ya ishirini na moja.

Mzee alijua hesabu hiyo. Alijua pia kwamba kabla ya jioni namba ingevuka tisini kwenda chini, na mwili wake wote ulikataa, kama mtu anayeambiwa avue nguo barabarani. Kuzima hawezi, mkewe amekalia njia. Kuacha hawezi. Akaona bora apate mtaalamu upande wake. Akampigia simu fundi, akamweleza kwamba kuna dharura: betri inatumika.

Fundi alifika saa nne na pikipiki, koti lake la mvua linachuruzika. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akaomba kabati lifunguliwe, akabonyeza kitufe pembeni ya kioo kidogo. Mzee hakujua kwamba kioo kile kina kumbukumbu. Mistari ikajitokeza, siku baada ya siku, miezi minane yote.

"Mzee, tangu tufunge hii, haijawahi kushuka chini ya themanini na tisa."

Mzee alijiweka sawa shati, akasubiri pongezi. Alikuwa na uzoefu wa kupokea pongezi za namna hiyo. Akamtupia mkewe jicho la unaona sasa.

"Hilo ndilo tatizo," fundi alisema.

"Tatizo lipi?"

"Angalia hapa. Siku ya jua, saa nne asubuhi imeshajaa. Na betri za aina hii hazipendi kukaa zimeshiba kila siku, zinachoka mapema. Lakini tuache hilo. Baada ya saa nne jua linaendelea kuleta umeme, na betri inaukataa, maana hauna pa kukaa."

"Unakwenda wapi?"

Fundi alitafuta namna ya kusema. Alikuwa ameshasikia habari za kazi ya zamani ya Mzee, kwa hiyo alisema: "Chukulia kwamba lori limefika getini na mzigo. Mlinzi anasema bohari limejaa, geuza."

"Linageuza?"

"Linageuza."

"Kila siku?"

"Kila siku ya jua, baba. Kuanzia saa nne mpaka jioni."

Mzee alikaa. Hakukuwa na kiti hapo, alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Mkewe akaacha kuchambua maharage.

Kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka mmoja shuleni waliletewa mablanketi mia mbili, mapya, mazito. Mzee aliyapanga rafu ya juu na kuyaweka akiba kwa ajili ya baridi kali. Baridi ikaja. Akaona inaweza kuja kali zaidi. Watoto walilala wawili wawili kitandani wakitetemeka, na mwalimu mkuu akamwandikia barua ya kumsifu kwa salio lisilopungua. Mwaka wa tatu alipanda ngazi kuyahesabu, akaingiza mkono, na mkono ukatokea upande wa pili. Panya walikuwa wameacha tu ile sehemu ya mbele inayoonekana mlangoni. Aliyachoma peke yake nyuma ya bohari, na kwenye daftari akaandika yametolewa. Aliona haya siku ile, na kumbe ile haya haikuwahi kwisha, ilikuwa tu imehifadhiwa vizuri.

"Mama," alisema kutoka sakafuni, "yale mayai ya kwanza niliyaua mimi."

"Najua, baba," mkewe alisema. "Nilikuwa nasubiri wewe ndiyo ujue."

Fundi alijifanya anakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa.

Halafu akapiga hesabu. Kwa mawingu haya, na kwa matumizi haya, betri itafika ishirini keshokutwa saa sita mchana, na ikifika ishirini itajizima yenyewe, haimwulizi mtu. Vifaranga wanaanza kutoka keshokutwa hiyohiyo, na hawatoki wote mara moja. Wanaweza kuchukua mpaka jioni, hata zaidi.

"Tunapungukiwa na masaa," alisema.

Neno hilo, kupungukiwa, lilimwinua Mzee kutoka sakafuni. Hapo sasa ilikuwa kazi anayoijua. Alichukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akauliza nani anakula nini, na safari hii hakuwa anamwuliza mkewe. Fundi akamtajia mmoja mmoja. Friji. Runinga, ambayo hata ikizimwa ile taa yake nyekundu inaendelea kudokoa. Redio. Na mashine ya mayai yenyewe, ambayo hula zaidi kila nyumba inapopoa, kwa kuwa inalazimika kujipasha tena. Mzee akauliza kama mashine inaweza kuvishwa. Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema inaweza, ila matundu ya hewa yasizibwe.

Alipoondoka, Mzee aliingia kazini. Alitoa kila kitu kwenye friji, akakigawa kwa majirani bila fomu, jambo lililomfanya kinyozi amwulize mama kwa upole kama mzee ameanza kuumwa. Alichomoa runinga, redio, na kengele ya mlangoni. Akaivisha mashine blanketi lao la kitandani, na juu ya blanketi koti lake la sherehe ya kustaafu, kisha kwa mkasi wa mkewe akakata matundu mawili mgongoni mwa koti, palepale matundu ya hewa yalipo. Mkewe alimtazama akikata kitambaa kile cha sufu. Kisha akamletea pini.

Mwisho akajaza hati ya kutoa mzigo. Mpokeaji: Mayai. Kiasi: itakavyohitajika. Hilo la pili hakuwahi kuliandika maishani, ikabidi akae kidogo kabla ya kuweka sahihi.

Jioni ile namba ilivuka tisini, ikavuka themanini. Mzee alijipima homa kwa kiganja. Asubuhi ya siku ya ishirini ilikuwa sitini na tano, na ilipofika sitini zile thelathini zisizo na maelezo zilikuwa zimekwisha zote, na dunia, kwa mshangao wake, ilikuwa palepale. Zikaenda kumi za msiba. Alipanda kwenye paa katikati ya manyunyu kufuta majani na vinyesi vya ndege juu ya paneli, mkewe kashika ngazi kwa chini akimkumbusha umri wake. Mwanga ule hafifu ukaleta kidogo, kama ombaomba anayechangia. Mzee aliupokea wote.

Siku ya ishirini na moja kulikucha kwa mvua. Thelathini na nane. Zilikuwa zimeshakwenda za ugonjwa, na za wageni zimeanza. Mkewe aliondoa pini mbili, akafunua pembe ya blanketi, wakapiga magoti wote wawili mbele ya kidirisha cha kioo. Yai moja lilikuwa na ufa. Likatikisika, likatulia, likatikisika.

"Tumsaidie?" Mzee alinong'ona.

"Ukifungua wanapoa. Mwache afanye kazi yake."

Saa sita mchana, ile saa ya fundi, betri ilikuwa thelathini na moja na mashine ilikuwa inanguruma chini ya koti. Mzee alikwenda kabatini, akaandika, akarudi. Saa nane akaenda tena. Ishirini na tisa. Hizi zilikuwa kumi za mvua, za mwisho, alizoziweka kwanza kabla ya nyingine zote. Akageuza shingo kuelekea dirishani, akaisikiliza mvua ikipiga mabati.

"Basi ndiyo hii," alisema, akaacha mlango wa kabati wazi.

Mkewe alikuwa ameshatandika maboksi mawili na kuchemsha maji ya kujaza kwenye chupa, ili vifaranga wakikauka wahamie kwenye joto lisilotegemea betri. Alikuwa anaimba chinichini. Mzee hakukumbuka mara ya mwisho kuusikia wimbo wa namna hiyo ndani ya nyumba, na alijua sababu, na ilimuuma, na bado alifurahi kuusikia.

Kufikia saa kumi kidirisha kilikuwa kimejaa purukushani. Waliolowa waliwakanyaga waliokauka. Mmoja alitoka na kipande cha ganda kichwani akazunguka nacho kama kofia, mwingine alilala kifudifudi ukadhani kafa, halafu akainuka akaanza ugomvi. Mzee alivaa miwani, akatoa kalamu, akaanza kuhesabu. Alifika kumi na tisa, wa tano akahamia kwa wa kumi na mbili. Akaanza upya. Alifika ishirini na sita, kundi zima likakimbilia kona moja bila sababu inayoeleweka, na katikati yao yai lingine likapasuka. Miaka thelathini na minne hakuna mzigo uliowahi kumfanyia hivi.

"Wangapi, baba?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

Mzee Bohari aliweka paji la uso kwenye kioo cha moto, daftari limemponyoka magotini.

"Sijui," alisema, akaanza tena kwa moja.